Nimejaza PCP hadi baa 200, asubuhi inasoma 185: inavuja? Na oksijeni ya jirani inafaa kujazia?

#1 MpigaPanya
Wakuu salaam. Nipo Uingereza, Northampton, kwenye shamba la kuku. Bosi kaniruhusu nipunguze panya mabandani, nikanunua bunduki ya upepo aina ya PCP, ile inayotunza upepo wa presha kwenye bomba lake, ya risasi za milimita 5.5, iliyokwisha tumika, pamoja na pampu yake ya mkono. Aliyeniuzia alinionyesha harakaharaka kwenye maegesho, akala kona.

Kitabu chake kinasema mwisho presha ya baa 200. Jana jioni nimesukuma mpaka sindano ikasimama kwenye 200, nikaifungia gereji. Asubuhi naikuta 185 na sijapiga hata risasi moja. Inavuja?

Halafu kusukuma kwenyewe ni adhabu, kuanzia 150 kwenda juu unaning'inia kwenye mpini na uzito wako wote. Jirani yangu ni mchomeleaji, ana mtungi mkubwa wa oksijeni umejaa. Si upepo tu ule? Nikitafuta hosi nikajazia pale kuna ubaya?

#2 SitiYaMbele
Nimeshakaa, karanga ninazo. Wajuzi shukeni.

#3 Fundi_Gerezani
Kabla hujasoma mengine: mtungi wa oksijeni usiuguse. Karakana yoyote ya kuchomelea, kijana akiingia siku ya kwanza anaambiwa asishike regulata (kifaa cha kushusha presha) ya oksijeni kwa mikono yenye oili. Oili na grisi zikikutana na oksijeni tupu yenye presha hazisubiri kiberiti. Hiyo bunduki ndani ina grisi, ina oringi za mpira, na aliyekuwa nayo kabla yako Mungu ndiye anajua alipaka nini. Utaibeba usoni wakati inalipuka, maana bunduki haishikwi kwa mbali.

#4 KabwelaMsomi
Mafundi mnapenda kutisha watu. Oksijeni ndiyo tunayovuta sote hapa. Hospitali wagonjwa wanawekewa puani, mbona hawalipuki?

#5 Mwl_Fizikia
@KabwelaMsomi tunayovuta ni hewa. Oksijeni humo ni asilimia 21, na asilimia 78 ni naitrojeni, ambayo haisaidii moto hata kidogo. Kwa mgonjwa oksijeni inafika ikiwa imeshushwa presha sana, vifaa vyake havipakwi grisi, na lile tangazo la usivute sigara ukutani halikuwekwa kama pambo.

Moto unatoka hapa. Ukifungua vali ghafla, gesi ya baa 200 inakimbilia kwenye hosi na kuibana ile iliyotulia mbele yake. Gesi ikibanwa ghafla inapata joto kali. Injini ya dizeli haina plagi, mafuta yake yanawaka kwa joto la hewa iliyobanwa tu, tena hewa ya kawaida. Weka oksijeni tupu, oringi yenyewe inageuka kuni, na moto ukishika vizuri chuma nacho kinaungua.

#6 SirudiTena
Mwalimu kwa maelezo hayo hata hewa ya kawaida ikikuta oili ndani ya bunduki inaweza kuwaka?

#7 Mwl_Fizikia
Inaweza. Ndiyo sababu oringi za PCP zinapakwa grisi ya silikoni, kidogo sana, na si kitu chochote kinachotokana na petroli.

#8 BintiWaTanga
Loh. Mume wangu yake huwa anaitia tone la oili ya cherehani kwenye tundu la kujazia, eti iteleze.

#9 Fundi_Gerezani
Dada mwambie aache leo. Oili ya cherehani, dawa za kupuliza za kulegeza kutu, mafuta ya kula, vyote hivyo ni dizeli mbele ya baa 200. Asijaze tena mpaka ifunguliwe na anayeijua na isafishwe.

#10 NungwiBluu
Hamjambo. Mimi kazi yangu ni kujaza mitungi ya wazamiaji huku Nungwi. Mleta uzi, hiyo 185 haijanishtua. Mtungi ukijazwa haraka unakuwa wa moto, geji inakuambia 200, mgeni anafika kwenye mwamba anakuta 180 anaanza kelele kwamba kapunjwa upepo. Hakupunjwa, umepoa. Ndiyo maana tunajaza polepole, na ukipoa tunaongezea kidogo.

Bomba la bunduki yako lilikuwa la moto ulipomaliza?

#11 MpigaPanya
@NungwiBluu pampu ilikuwa ya moto hasa sehemu ya chini, haishikiki. Bomba la bunduki lilikuwa vuguvugu tu. Gereji haina hita, usiku huu ilishuka mpaka nyuzi 5.

Oksijeni nimeelewa wakuu, sigusi. Asanteni.

#12 Mwl_Fizikia
Basi tupige hesabu. Presha ya gesi kwenye chombo kilichofungwa inakwenda sambamba na jotoridi, lakini lile la kelvini: chukua nyuzi za kawaida ongeza 273. Nyuzi 5 ni 278. Tuseme hewa ndani ya bomba ilikuwa nyuzi 27 ulipomaliza, yaani 300. Chukua 200, zidisha kwa 278, gawa kwa 300. Jibu ni 185.

Vuguvugu la mkononi kwenye baridi ya Februari linaweza kabisa kuwa 27. Sioni uvujaji hapa.

#13 KijanaWaLikoni
Mwalimu umechagua 27 kwa sababu inaleta 185. Ungechagua 35 ingekuja 180, utuambie bunduki imejiongezea upepo usiku?

#14 Mwl_Fizikia
😂 Nimesema "tuseme". Alete kipimo cha bomba nitapiga upya.

#15 Zimamoto_Maskati
Assalamu alaykum. Mimi nipo Oman, kazi yangu vifaa vya kupumulia vya zimamoto, mitungi ya nyuzi za kaboni ya baa 300. Hebu tuizungumze geji kwanza kabla ya baridi. Zile geji ndogo za sindano zinazokuja na pampu na bunduki, uso wake kama sarafu, nyingi ni za daraja la 2.5. Maana yake kosa linaloruhusiwa ni asilimia 2.5 ya mwisho wa geji. Ikiwa geji inaishia 400, hiyo ni baa 10 juu au chini na bado inahesabika nzima. Sasa yakhe, jana ulisoma geji ipi? Ya pampu au ya bunduki?

#16 MpigaPanya
Jana ya pampu, asubuhi ya bunduki 😬 Pampu nilishaichomoa.

#17 Zimamoto_Maskati
Ahaa. Geji mbili tofauti, kila moja na kosa lake. Hizo baa 15 zinaweza kuwa hazikuwahi kuwepo.

#18 Fundi_Gerezani
Mnampeleka mwenzenu kwenye vitabu. Kitu kikipungua usiku kinavuja mpaka kithibitike vinginevyo. Achanganye maji na sabuni ya kuoshea vyombo, povu lisimame, apake kwa brashi kwenye tundu la kujazia, kwenye maungio ya bomba na pembeni ya geji, akae atazame. Uvujaji mdogo haupulizi kwa nguvu, kapovu kamoja kanakua taratibu mpaka kanapasuka, halafu kanaanza kengine palepale. Asiitumbukize bunduki kwenye ndoo kama mrija wa baiskeli.

Na jambo moja kubwa. Akikuta inavuja ASIKAZE wala ASILEGEZE chochote ikiwa na upepo ndani.

#19 MnyaluWaPretoria
Hapo kwa Fundi naongeza. Kuna mwanachama wa klabu tunayopigia shabaha huku Afrika Kusini aliona kapovu kwenye mdomo wa bomba akachukua spana "aikaze kidogo tu" ikiwa na baa 180. Uzi wa nati ulikuwa umeliwa, kizibo kikapita karibu na sikio lake na kutoboa bati la banda. Bunduki inamalizwa upepo kwanza, kwa kupiga bila risasi ukiwa umeelekeza sehemu salama au kwa skrubu yake ya kutolea upepo kama inayo. Geji ikisoma sifuri usiamini moja kwa moja, koki na vuta tena. Usikie kimya.

#20 Mwl_Fizikia
@MnyaluWaPretoria alikuwa na bahati. Baa 200 ni karibu kilo 200 kwa kila sentimita ya mraba. Kizibo chenye kipenyo cha sentimita 2 kinasukumwa na zaidi ya kilo 600. Na nishati yote ndani ya kibomba cha lita 0.2, kikiachia kwa mpigo, ni kama joule 8,000: sawa na kuangusha gari la kilo 1,000 kutoka urefu wa sentimita 80. Risasi yenyewe ikitoka kwenye hizo bunduki zisizo na kibali za Uingereza inabeba kama joule 16. Hatari kubwa iko nyuma ya mtutu, wala si mbele.

#21 SitiYaMbele
Karanga zimeisha. Na mimi nilidhani ni ile ya kukunja ya kupigia njiwa.

#22 MzeeWaKale
Vijana mnaishangaa PCP kama imekuja juzi na simu za kupangusa. Jeshi la Austria lilikuwa nayo mwaka 1880, fundi wake akiitwa Girardoni. Upepo unakaa kwenye kitako, risasi kama 20 kwenye kasha lake.

#23 Mwl_Fizikia
Mzee, shikamoo. Ni 1780, karne moja nyuma ya hapo. Nyingine yake ilisafiri na Lewis na Clark walipovuka Amerika 1804 mpaka 1806. Kujaza kitako kimoja ilibidi kusukuma pampu kama mara 1,500.

#24 MzeeWaKale
Marahaba mwalimu. 1780 basi, kidole kiliteleza. Ila mleta uzi asikie hiyo 1,500, aache kulia.

#25 DuluthBaridi
Salaam kutoka Minnesota. Huku wengi hatusukumi, tunapeleka mitungi kwenye maduka ya wazamiaji au ya wachezaji wa risasi za rangi. Angalizo kwa mtakaonunua vitu vya Marekani: geji zetu zinasoma psi. 3,000 psi ni baa 207, 4,500 ni baa 310. Kuna mtu alisoma "3000" akatafsiri kuwa ni baa 300. Na muuza duka, kabla hajakujazia, anageuza mtungi kutafuta tarehe iliyogongwa. Kipimo cha maji, yaani mtungi kujazwa maji kwa presha kuona kama unahimili, ni kila miaka 5. Imepita hata mwezi mmoja, hakujazii hata ukimlilia.

#26 NungwiBluu
Anafanya vizuri. Uingereza mitungi ya kuzamia inakaguliwa ndani kila miaka miwili na nusu na kupimwa kwa maji kila miaka mitano, kwa sababu inaonja chumvi. Kuna alumini za zamani pia, aloi ya 6351, zilikuwa zinapata nyufa shingoni, ndiyo viwanda vikahamia 6061. Ukiuziwa mtungi wa zamani kwa bei ya kutupa, jua kwa nini.

#27 Zimamoto_Maskati
Na yetu ya kaboni ina tarehe ya kufa, mingi ni miaka 15. Ikifika unautoboa, hauuzwi. Hata vibomba vya alumini vya bunduki za shabaha za mita 10, zile za Olimpiki, watengenezaji wanavipa miaka 10. Tarehe iko ubavuni, na mpigaji mwenyewe ndiye anabeba jukumu la kuitazama.

Mleta uzi, ya kwako imegongwa mwaka gani?

#28 MpigaPanya
Natazama... bomba lake limeungana na bunduki, sioni mwaka, ila kuna namba ya toleo tu.

#29 MnyaluWaPretoria
Mpelekee fundi wa bunduki hapo kwenu aisome na abadilishe oringi zote. Kwa kitu cha mtumba hiyo ndiyo pesa ya kwanza kutumia, kabla ya darubini.

#30 KijanaWaLikoni
Wakubwa, kompresa ya vibanda vya matairi je? Hapa Likoni iko moja inajaza trela.

#31 Fundi_Gerezani
Ile inakomea baa 8, 10, ikijitahidi sana 12. Kwa PCP hiyo ni pumzi ya mtoto. Na kabla hujauliza: ile ya friji pia hapana, imejaa oili.

#32 TajiriMtoto
Siku hizi kuna vikompresa vidogo vya betri ya gari, vya Kichina, vinafika baa 300. Ninacho. Unachomeka, unaweka namba, unaenda kunywa chai, kinazima chenyewe.

#33 Zimamoto_Maskati
@TajiriMtoto chai nywea hapohapo. Kile cha kuzima chenyewe ni swichi moja ya bei rahisi. Ikikwama nani anazima? Usiache kitu kinachosukuma baa 200 peke yake, hata dakika moja. Na kipumzishe kabla hakijachemka, silinda yake ni kidole tu.

#34 KijanaWaLikoni
Na maji je? Nasikia upepo wa huku pwani ni wa maji.

#35 Mwl_Fizikia
Swali zuri kuliko yote mpaka sasa. Mombasa kwenye nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80, mita moja ya ujazo ya hewa ina gramu 24 za maji. Kuongeza kibomba cha lita 0.2 kutoka baa 100 hadi 200 unahitaji lita 20 za hewa ya nje, ambazo zina karibu nusu gramu ya maji. Hayo ni kama matone kumi. Ikibanwa, karibu yote yanatoka kwenye mvuke na kuwa maji kabisa. Usipoyatoa njiani, yanalala ndani ya bunduki kila unapojaza. Northampton kwenye nyuzi 5 ni kama sehemu moja ya tano ya hapo.

#36 NungwiBluu
Kompresa yetu ina vichujio viwili, kimoja cha kunyonya maji na kingine cha mkaa, na bado kila baada ya dakika chache nafungua vali ya chini inatema maji meupe kama maziwa yaliyochanganyika na oili. Pampu ya mkono nayo ina kivali cha kutolea. Sukuma kama dakika tano, pumzika ipoe, fungua kivali iteme ule ukungu, endelea. Ukisukuma mfululizo sili za pampu zinaungua na maji yote yanapita.

#37 KabwelaMsomi
Basi tatizo la mleta uzi ni maji! Mvuke umegeuka maji usiku, presha ikashuka. Kesi imefungwa.

#38 Mwl_Fizikia
Haijafungwa. Mvuke kwenye hewa ya baa 200 unachangia presha ndogo mno, chini ya baa moja. Hauwezi kukupa 15. Kutu ndiyo kazi ya maji.

#39 KabwelaMsomi
Mwalimu huniachii hata moja 😭

#40 KakaMkubwa
Mimi ningesema ajaze 250 usiku ili asubuhi aikute 230, tatizo limekwisha na nguvu imeongezeka.

#41 MnyaluWaPretoria
Tafadhali usimpoteze. Kitabu kimesema 200, ni 200. Na hata nguvu hupati. Ndani kuna kinyundo kinachogonga vali ifunguke itoe upepo. Presha ikizidi, upepo wenyewe unaikandamiza vali isifunguke, risasi inatoka kwa uvivu au haitoki kabisa. Hapo unabaki na bunduki iliyofungwa kwa ndani, huwezi hata kuimaliza upepo kwa kupiga. Tena zile zisizo na regulata huwa na sehemu yake tamu, nyingine 190 kushuka mpaka 110. Ukijaza mpaka mwisho risasi za mwanzo zinatua chini.

#42 Msimamizi
Wanajukwaa, hatuingii kwenye kupata wala kuuza silaha hapa. Kila nchi ina sheria yake. England bunduki ya upepo ya nguvu chini ya futi-pauni 12 (zile kama joule 16) haihitaji kibali kwa mtu mzima, ukivuka tu kuingia Scotland inahitaji tangu 31 Desemba 2016. Mliopo Tanzania na Kenya msiagize kitu kwa posta mkidhani ni mwanasesere, ulizeni polisi kwanza. Endeleeni na upepo.

#43 Fundi_Gerezani
Tumalizie la mtungi, maana pampu atachoka tu. Mtu asiye na mzamiaji karibu anaweza kutumia naitrojeni. Haiwaki, kavu, na jirani yake mchomeleaji anaweza kumpatia.

#44 Zimamoto_Maskati
Hapo mimi nasita, Fundi. Huko Uingereza mtungi wa kawaida wa oksijeni na wa naitrojeni mdomo wake ni uleule, inchi tano kwa nane, uzi wa kulia. Hosi ya moja inaingia kwa mwenzake bila kulalamika. Na rangi? Kwao sasa bega jeupe ni oksijeni, bega jeusi naitrojeni. Zamani kwa Waingereza weusi ndio ulikuwa oksijeni, na mitungi ya rangi hiyo bado inazunguka huku kwetu. Wewe unamwambia mtu aliyekuwa anaenda kujazia oksijeni jana, leo akachague mtungi sahihi gizani kwenye karakana ya jirani.

#45 Fundi_Gerezani
Asome lebo, si rangi. Mtu mzima anajua kusoma.

#46 Zimamoto_Maskati
Lebo zinabanduka. Na naitrojeni ikivujia chumba kilichofungwa inakulaza bila harufu.

#47 NungwiBluu
Mimi naunga mkono Maskati, upepo wa kuvutwa na mwanadamu tu, uliochujwa. Ila Fundi hajasema uongo kwamba haiwaki.

Mleta uzi tafuta mtungi mdogo wa lita 3 wa baa 300. Hesabu yake: kutoka 300 kushuka 200 una baa 100 mara lita 3, lita 300 za upepo. Kila ukijaza unakula 20. Mara 15. Mtungi wa kuzamia wa lita 12 wa baa 232 unakupa 32 mara 12, lita 384, mara 19. Karibu sawa, na mdogo unaubeba kwa mkono mmoja.

#48 Mwl_Fizikia
Ndugu wa Nungwi, kuanzia 200 kwenda juu hewa haitii tena hesabu ya darasani, inakuwa ngumu kubanika. Mtungi wa 300 hauna upepo mara moja na nusu ya ule wa 200, una pungufu ya hapo. Hizo 15 zifanye 12 hivi.

#49 NungwiBluu
Sawa mwalimu, 12. Bado anabeba mkono mmoja.

#50 BintiWaTanga
Na akishajaza kwa mtungi anachomoaje? Wangu aliwahi kuchomoa hosi ikamchapa mkono ukavimba.

#51 NungwiBluu
Funga vali ya mtungi kwanza. Kisha fungua skrubu ya kutolea upepo uliobaki kwenye hosi, usikie pssss mpaka inyamaze, geji ya hosi irudi sifuri. Ndipo uchomoe. Ukiona inang'ang'ania haitaki kutoka, bado ina upepo, usiivute kwa nguvu. Kabla ya kuchomeka ipanguse ncha kwa kitambaa kisafi, chembe moja ya mchanga ikiingia kwenye vali ya bunduki ndiyo chanzo cha kuvuja usiku kucha. Na mtungi unaufungua kwa robo ya robo ya mzunguko, sindano ipande taratibu ukiitazama. Usijaribu kuziba tundu linalopuliza kwa kidole, upepo wa presha hiyo unaingia chini ya ngozi. Likitokea hilo ni hospitali, hata kama kidonda ni kama cha sindano.

#52 MnyaluWaPretoria
Na bunduki isiwe na risasi wala isiwe imekokiwa, mtutu usielekee mtu. Naandika kwa sababu kuna wanaojaza wameiweka mapajani.

#53 SitiYaMbele
Mleta uzi yuko wapi? Au panya wamemkamata.

#54 MpigaPanya
Nipo. Nimefanya mlivyosema. Povu la sabuni nimepaka kote, nimekaa na tochi, sijaona kapovu. Halafu nimeiingiza jikoni, kwenye nyuzi 20, ikakaa mchana kutwa. Geji ya bunduki, ileile, sasa inasoma 190.

#55 Mwl_Fizikia
Safi. 185 mara 293 gawa kwa 278 ni 195. Ungepata 195 kama hakuna kilichotoka.

#56 Fundi_Gerezani
Kapata 190. Baa 5 ziko wapi? INAVUJA. Povu halioni uvujaji wa ndani, vali ya kufyatulia ikiwa na uchafu upepo unatokea kwenye mtutu. Avute kondomu au puto mdomoni mwa mtutu usiku, asubuhi atalikuta limejaa.

#57 BintiWaTanga
Fundi!! 😂😂 Amwambie nini mkewe?

#58 Zimamoto_Maskati
Baa 5 kwenye geji yenye kosa la 10 si ushahidi. Sindano ndogo zinakwama pia. Aigonge kidogo kwa ukucha kabla ya kusoma.

#59 KijanaWaLikoni
Au mkewe anapiga panya yeye akiwa kazini.

#60 MnyaluWaPretoria
Kama ina regulata, risasi ya kwanza baada ya kujaza na kutulia kwake kunaweza kula baa kadhaa. @MpigaPanya ina regulata?

#61 MpigaPanya
Sijui mkuu. Na sijaipiga bado. Ukucha nimegonga, imeruka mpaka 192.

#62 Zimamoto_Maskati
Mnaona?

#63 Fundi_Gerezani
Bado 3.

#64 Mwl_Fizikia
Aiache usiku tatu mahali pamoja pasipobadilika joto, asome saa ileile, geji ileile, aigonge kila mara. Ikiendelea kushuka, Fundi kashinda. Ikisimama, ilikuwa baridi. Na atuambie vizuri, zile nyuzi 5 za gereji ulipima kwa kipimajoto gani?

#65 MpigaPanya
Kipimajoto sina mwalimu. Niliangalia kwenye simu.

#66 Fundi_Gerezani
Simu inakupa hali ya hewa ya mji mzima, si ya gereji yako!

#67 Mwl_Fizikia
Kwa hiyo 5 ilikuwa ya wapi?

#68 MpigaPanya
Ya uwanja wa ndege, nadhani.